Matumbawe ya sebuleni: Hasara huanzia kwenye chupa isiyopimwa

SAMAKI wadogo wa rangi wanaovuliwa kwa nyavu za mkono na wazamiaji wa pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni karibu na mpaka wa Tanzania na kupanda kaskazini, hawapimwi kwa kilo. Kila mmoja hutiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, hupangwa ndani ya boksi lisilopitisha joto, kisha husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia.

Mwisho wa safari hiyo ni sebuleni kwa mtu. Mnunuzi wa Ujerumani au Marekani humweka samaki huyo kwenye tangi la kioo la lita mia mbili, mia tatu au zaidi, lenye maji ya chumvi, taa kali za rangi ya buluu, na matumbawe hai yaliyobandikwa juu ya mawe kama miche kwenye kitalu.

Ni burudani ya gharama. Hata hivyo, kinachowanyima usingizi wafugaji wa aina hii si bei ya samaki wala umeme, bali maji yenyewe: yana madini gani, yamepungua kiasi gani, na chupa ipi inunuliwe ili kuyarudisha.

Hapo ndipo mkulima wa huku anaweza kusoma habari ya watu wa mbali akajiona mwenyewe. Hesabu ya madini ndani ya tangi haitofautiani sana na hesabu ya mbolea shambani, na makosa yanayofanyika huko ndiyo yanayofanyika huku, isipokuwa ndani ya kioo adhabu huja kwa siku chache badala ya msimu mzima. Kwa wale wanaoishi kwa samaki wa rangi kuna sababu ya pili. Tangi likifa, mteja mara nyingi huuza vifaa vyake na harudi tena dukani.

Bahari iliyofungiwa

Maji ya bahari si maji yaliyotiwa chumvi ya mezani. Kila lita ina takribani gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha uchambuzi wa sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya Uingereza iitwayo Challenger, iliyozunguka dunia kati ya mwaka 1872 na 1876. Alikuta kuwa jumla ya chumvi inaweza kuzidi au kupungua kutoka bahari moja hadi nyingine, lakini uwiano wa madini makuu ndani yake karibu haubadiliki.

Uwiano huo ndio mfugaji wa matumbawe anaoutafuta. Katika lita moja ya maji ya bahari kuna miligramu 410 hadi 420 za kalsiamu, karibu 1,300 za magnesiamu, karibu 400 za potasiamu, 8 za strontiamu na 4 na ushee za boroni. Baada ya hapo namba zinaporomoka. Iodini, ambayo kwenye pakiti ya chumvi ya kupikia huitwa madini joto, ni miligramu 0.06 tu. Molibdenamu ni 0.01. Chuma, shaba na zinki kwa kawaida hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya miligramu.

Baharini tumbawe linaweza kula bila kuhesabu, kwa kuwa maji mengine yanakuja. Ndani ya kioo mambo ni tofauti. Kilichotumika kimetumika, na kilichoingia bila kutumika kinabaki humo humo. Wafugaji wengi wanaijua sentensi ya kwanza. Ya pili ndiyo inayowaua wanyama wao, na ndiyo wauzaji wa chupa wasioipenda kuisema.

Maji yanayopotea kwa mvuke ni jambo jingine. Mvuke hauondoki na chumvi, kwa hiyo tangi huongezewa maji baridi yaliyosafishwa, si maji ya chumvi. Anayejaza kwa maji ya chumvi kila siku atashangaa kuona konokono wake wamelala chali baada ya wiki chache.

Alkali hutangulia kusema

Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti, mchanganyiko uleule wa chokaa ya mawe. Akiba ya kaboneti na bikaboneti iliyomo majini ndiyo inayopimwa kwa jina la alkali, na wafugaji wengi huihesabu kwa digrii za Kijerumani. Bahari ina digrii 7 hivi. Wengi hushikilia tangi lao kati ya 7 na 9.

Vitu hivi viwili hutumika kwa kipimo kinachojulikana. Kila alkali inaposhuka kwa digrii 2.8 kwa sababu ya kujenga mifupa, kalsiamu hushuka kwa miligramu 20 kwa lita. Kanuni hiyo ina faida kubwa mfukoni, na mfano ufuatao unaonyesha kwa nini.

Chukua tangi linaloitwa la lita 300. Ndani yake kuna mawe na mchanga, kwa hiyo maji halisi ni lita 250. (Mfugaji anayehesabu dozi kwa lita 300 tayari amezidisha kwa asilimia 20 kabla hajafungua kizibo.) Jumatatu saa mbili asubuhi anapima alkali, anapata 8.4. Haongezi kitu chochote. Jumanne saa ileile anapata 7.7. Matumbawe yake yametumia digrii 0.7 kwa siku moja, maana yake kalsiamu imeshuka kwa miligramu 5 kwa lita.

Digrii 0.7 kati ya 8.4 ni sehemu moja ya kumi na mbili, na kipimo cha nyumbani kinaiona bila taabu. Miligramu 5 kati ya 420 ni sehemu moja ya themanini na nne, na kipimo cha nyumbani hakiwezi kuitofautisha na mkono uliotetemeka. Ndiyo maana mfugaji mwenye uzoefu hupima alkali mara nyingi kwa wiki, kalsiamu mara moja moja, na magnesiamu mara moja kwa mwezi. Anayepima kalsiamu peke yake huambiwa kila kitu kiko sawa mpaka siku ya msiba.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Maji ya tangi hunyonywa kwa bomba la sindano, mililita 4 au 5, yakatiwa dawa ya rangi. Kisha tindikali hafifu hudondoshwa tone kwa tone hadi rangi igeuke, kwa mfano kutoka buluu kuwa nyekundu. Idadi ya matone au alama kwenye bomba ndiyo jibu. Makosa makubwa hutokana na bomba lisilooshwa, dawa iliyokwisha muda wake, na kusoma rangi chini ya taa ya buluu ya tangi.

Sasa inakuja dozi. Lita 250 zinazopoteza miligramu 5 zinahitaji miligramu 1,250 za kalsiamu kila siku, yaani gramu moja na robo, pamoja na alkali inayolingana nayo. Kwa njia ya chupa mbili, hiyo ni takribani gramu 4.6 za kloridi ya kalsiamu ya kawaida na gramu 5 na robo za bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi. Kila moja huyeyushwa kwenye maji yake na kutiwa kwa wakati wake. Zikikutanishwa ndani ya chombo kimoja hugeuka chokaa nyeupe palepale na kutuama chini.

Njia ya bei nafuu zaidi ni maji ya chokaa. Peter Wilkens ndiye aliyeieneza miongoni mwa wafugaji wa matumbawe katika miaka ya 1970. Chokaa safi iliyozimwa huyeyuka kidogo tu, gramu 1.7 hivi kwa lita ya maji, na ndani ya maji hayo mna kalsiamu na alkali kwa uwiano uleule tumbawe linaoutaka. Kwa tangi la mfano huu inatosha lita moja na nusu kwa siku. Tangi la ukubwa huo hupoteza lita kadhaa kwa mvuke, kwa hiyo maji ya chokaa yanatumika kujazia pengo na kazi mbili zinafanyika kwa mara moja. Unga unaotumika ni gramu mbili na nusu hivi kwa siku.

Tahadhari ni moja. Maji hayo ni makali, pH yake inapita 12, hivyo hudondoshwa taratibu, hasa usiku wakati pH ya tangi imeshuka. Pampu ikikwama wazi na kumwaga ndoo nzima kwa dakika kumi, asubuhi maji huwa meupe kama maziwa.

Msomaji wa pwani ataona kichekesho hapa. Kwa karne nyingi, kutoka Lamu hadi Unguja na Kilwa, watu walivunja matumbawe, wakayapanga juu ya rundo la magogo, wakayachoma ili kupata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti. Kazi hiyo ilichangia kuharibu miamba sehemu nyingi. Huko Ulaya mtu ananunua chokaa kwa gramu ili kurudisha tumbawe.

Magnesiamu haitumiki kwa wingi, lakini ndiyo inayozuia kalsiamu na alkali visishikane na kuganda kwenye pampu na hita. Ikishuka sana, mfugaji hutia kalsiamu na alkali kila siku na bado vipimo havipandi, kama mtu anayejaza pakacha.

Shelfu yenye chupa ishirini

Hadi hapo gharama bado ni ya kuvumilika. Pesa huanza kuvuja pale mfugaji anapoingia dukani na kukuta shelfu nzima ya madini madogo: iodini, strontiamu, boroni, chuma, manganizi, zinki, molibdenamu, vanadiamu, na michanganyiko isiyotaja kilichomo. Kila chupa inaahidi rangi. Nyekundu kwa hii, kijani kwa ile.

Hakuna uongo wa moja kwa moja katika ahadi hizo. Wanyama na mimea ya baharini inahitaji chuma, zinki, manganizi na hata shaba kidogo kwa kazi za mwili. Swali la mnunuzi ni jingine: je, yamepungua kwake? Chakula cha samaki kinachotiwa kila siku kimetokana na viumbe vya baharini na kinaingiza zinki, shaba na iodini bila kupigiwa debe. Chumvi ya dukani nayo inayaleta, na hata unga wa chokaa una masalia yake.

Mwaka 2002 Ronald Shimek, mtaalamu wa Marekani wa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo, alichapisha vipimo vya maji kutoka matangi ya majumbani. Alikuta metali kadhaa, shaba ikiwamo, ziko juu kuliko baharini. Matokeo yake yalizua ubishi kuhusu namna ya kupima na maana yake, lakini yaliwalazimisha wengi kujiuliza kama tangi lao lina njaa au limevimbiwa.

Iodini inaonyesha hatari hiyo kwa namba. Tangi la lita 250 lenye kiwango cha bahari, miligramu 0.06 kwa lita, lina jumla ya miligramu 15 za iodini. Maji ya Lugol ya asilimia 5, dawa ambayo wafugaji wengi hupenda kuitumia, yana iodini ya kiasi cha miligramu 6 katika tone moja. Kwa hiyo matone mawili na nusu yanabeba iodini yote ambayo tangi zima lilipaswa kuwa nayo. Mtu anayedondosha "matone matano hivi kila wiki" kwa sababu jirani alimwambia, anaiongeza bahari yake mara mbili kila Jumamosi. Sehemu ya iodini hiyo huliwa na mwani na bakteria, sehemu hubaki, na bila kupima hajui kilichobaki.

Kwa strontiamu hali ni tofauti kidogo, na hapa inabidi kuwatendea haki wauza chupa. Tumbawe hujenga strontiamu ndani ya mifupa yake karibu kwa uwiano uleule ilionao na kalsiamu majini. Tangi la mfano wetu likitumia asilimia moja na ushee ya kalsiamu yake kwa siku, strontiamu nayo hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Isiporudishwa kwa njia yoyote, mwezi mmoja unatosha kuipunguza kwa theluthi. Upungufu huo ni wa kweli na unapimika. Kama tumbawe linaumia kwa sababu hiyo ni suala jingine, na ushahidi wake ni mdogo.

Chuma nacho kina habari yake. Wafugaji wengi huweka kisanduku pembeni ya tangi chenye mwani na taa, kama shamba dogo la mwani wa Paje au Jambiani lililowekwa ndani ya ndoo. Mwani hukua kwa kunyonya naitreti na fosfeti zinazotokana na kinyesi cha samaki, kisha huvunwa na kutupwa. Unapovunwa unaondoka pia na chuma, manganizi na iodini. Mwenye mwani mwingi anaweza kweli kupungukiwa, na dalili yake ni mwani kupauka na kusimama kukua ilhali naitreti bado ipo. Mkulima atalitambua jambo hili mara moja. Mjerumani Carl Sprengel alilieleza mwaka 1828, na mwenzake Justus von Liebig akalieneza: mmea husimama pale kirutubisho kilicho haba kuliko vyote kinapokwisha, hata kama vingine vimejaa ghala. Mahindi yenye upungufu wa zinki hayaponi kwa mfuko wa pili wa urea.

Shaba ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Dawa ya shaba hutumika kutibu samaki wenye ugonjwa wa madoa meupe, kwa miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita, na samaki wengi huistahimili. Konokono, kamba na matumbawe hawaistahimili. Kwa sababu hiyo samaki wapya hutibiwa kwenye tangi la pembeni, lisilo na mawe wala mchanga, na tangi hilo halirudi kuwa la matumbawe.

Kipimo cha maabara na mipaka yake

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfugaji wa kawaida hakuwa na njia ya kujua kiasi cha vanadiamu au bati kwenye maji yake. Vipimo vya rangi haviwezi kazi hiyo. Mabadiliko yalikuja pale maabara, za Ujerumani zikiwa mstari wa mbele, zilipoanza kuuza kwa watu binafsi kipimo kilichokuwa cha viwanda na vyuo vikuu. Mteja hujaza vichupa vidogo, huvituma kwa posta, na baada ya siku kadhaa hupata orodha ya madini zaidi ya thelathini. Bei huwa kati ya dola 30 na 50 za Marekani.

Mashine hiyo hupuliza maji kama ukungu ndani ya gesi ya agoni iliyopashwa moto hadi maelfu ya nyuzi. Kwa joto hilo kila elementi hutoa mwanga wa rangi yake, na ukali wa mwanga huonyesha wingi wake.

Ni kifaa cha ajabu, lakini kinasomwa vibaya. Kwanza, hakipimi alkali, naitreti wala amonia, kwa hiyo hakiondoi haja ya kupima nyumbani. Pili, kinahesabu elementi nzima bila kujua iko katika umbo gani. Shaba iliyonaswa na uchafu na shaba iliyo huru, ambayo ndiyo sumu kali, kwake ni kitu kimoja. Tatu, kiwango cha chuma na shaba cha bahari halisi kiko karibu au chini ya uwezo wa mashine kuona. Jibu likija "chuma sifuri", mfugaji hukimbilia dukani kununua chuma, ilhali maji yaliyochotwa katikati ya Bahari ya Hindi yangeweza kupata jibu hilohilo.

Baadhi ya maabara huambatanisha majibu na orodha ya chupa za kununua, zinazotengenezwa na kampuni ileile. Mkulima aliyewahi kupimiwa udongo bure na muuza mbolea anaujua mchezo huo. Njia ya kujilinda ni kujaza vichupa viwili kwa maji yaleyale, saa ileile, na kuviandika majina tofauti. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kiasi ambacho hakistahili kutolewa pesa.

Thamani kubwa ya kipimo hiki iko kwenye kukamata kilichozidi, kuliko kutafuta kilichopungua. Mfano unaojirudia ni wa sumaku. Pampu na vifutio vya kioo hushikiliwa kwa sumaku zilizofunikwa plastiki. Plastiki ikipasuka, chumvi huingia na sumaku hula kutu kimyakimya nyuma ya jiwe. Matumbawe hufunga, konokono hufa mmoja mmoja, na mwenye tangi huongeza madini akidhani kuna upungufu. Orodha ya maabara ikirudi na chuma, nikeli au zinki zilizopanda, ndipo anapotoa vifaa vyote na kukuta sumaku imevimba. Vibano vya chuma vya mipira ya maji, mabomba ya shaba ya nyumba na vichujio vilivyochoka huleta kesi kama hizo. Kichupa kimoja cha maji yaliyosafishwa, kabla hayajatiwa chumvi, kikitumwa pamoja na cha tangi, huonyesha kama tatizo linaingia kwa mlango huo.

Ndoo ya maji mapya

Kabla ya chupa ishirini na kabla ya maabara, dawa ilikuwa kubadilisha maji, na bado ni dawa. Asilimia 10 kila wiki kwenye tangi la lita 250 ni lita 25, zinazohitaji karibu kilo moja ya chumvi ya matangi. Maji hayo hurudisha kidogo cha kila kilichopungua na kuondoa kidogo cha kila kilichozidi, bila mfugaji kujua jina la hata kimoja.

Lakini hesabu yake ni ya polepole. Kila badiliko la asilimia 10 hupunguza ziada kwa sehemu moja ya kumi ya kilichobaki. Inachukua mabadiliko saba kuifikisha sumu nusu yake. Kwa shaba iliyozidi hiyo haitoshi, na hapo hubadilishwa robo au nusu ya maji kwa mkupuo, huku chanzo kikitolewa kwanza. Vivyo hivyo, ndoo hiyo haiwezi kufidia kalsiamu na alkali za tangi lililojaa matumbawe magumu. Tangi la mfano hupoteza digrii 4.9 za alkali kwa wiki, na lita 25 mpya hazirudishi hata digrii moja.

Mgawanyo unaofaa kwa mfuko wa kawaida unajitokeza wenyewe hapo. Kalsiamu na alkali hutiwa kila siku kwa kipimo, magnesiamu kwa mwezi, madini madogo huachiwa maji mapya na chakula cha samaki, na maabara huulizwa mara mbili tatu kwa mwaka au wanyama wanapougua bila sababu. Bei ya kipimo kimoja cha maabara ni sawa na chumvi ya wiki kadhaa, na kwa tangi changa lenye matumbawe machache, chumvi hiyo ina faida zaidi.

Anayeuza vipande huhesabu tofauti

Wapo ambao kwao tangi ni duka. Marekani na Ulaya wafugaji wengi hukata matawi ya matumbawe yao, huyabandika kwa gundi juu ya vigae vidogo, huyaacha yapone na kukua kwa miezi, kisha huyauza kwa wenzao. Biashara hiyo ilipata nguvu zaidi Indonesia, muuzaji mkubwa wa matumbawe duniani, iliposimamisha mauzo ya nje mwaka 2018 hadi yaliporuhusiwa tena mwaka 2020. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa, hata kama yameokotwa ufukweni.

Muuza vipande ana matawi mamia yanayokua kwa wakati mmoja, na matumizi yake ya alkali yanaweza kuwa maradufu au zaidi ya yale ya tangi la mapambo. Kwake kuruka vipimo siku tatu ni sawa na mwenye kuku wa nyama kutokagua maji ya kunywa. Alkali ikishuka sana kisha ikapandishwa kwa mkupuo, matumbawe ya matawi membamba huweza kuvuka nyama kutoka chini kwenda juu na kubaki mifupa myeupe kwa siku moja au mbili. Wengi hujiwekea mpaka wa kutopandisha zaidi ya digrii moja kwa siku. Kwa mtaji wa aina hii, pampu ndogo ya dozi na kipimo cha maabara cha kila mwezi ni gharama ya uzalishaji, wala si anasa.

Kwa yeyote wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam anayefikiria tangi la hoteli au la kuhifadhia samaki wa kusafirisha, bahari iko mlangoni na chumvi ya dukani si lazima. Maji huchotwa mbali na bandari na midomo ya mito, maji yakiwa yamejaa, na chumvi yake hupimwa kila mara. Wakati wa masika maji ya juu karibu na mito huwa mepesi na yenye tope, kama inavyoonekana Malindi pale Mto Sabaki unapofurika. Magadi ya sokoni yanayochotwa ziwani yasitumike kupandisha alkali, kwa kuwa yana floridi na uchafu mwingine, hata kama kiini chake ni kaboneti ileile. Chokaa ya kupaka ukuta nayo haina uhakika wa usafi.

Daftari la mfugaji wa namna hiyo halihitaji zaidi ya safu tano: tarehe, saa, chumvi, alkali, na kilichotiwa. Saa huandikwa kwa sababu matumbawe hujenga zaidi mchana taa zikiwaka. Alkali iliyopimwa asubuhi leo na jioni kesho huonyesha tofauti ambayo haikusababishwa na dozi, na ndiyo hiyo humfanya mtu aongeze kitu ambacho hakikupungua.